Njegere za Septemba

Sabina alipanda njegere Septemba, na kila jirani aliyepita kwenye bustani yake pale Pasiansi alimwambia anatupa mbegu. Hakubishana na mtu. Kwa miaka ishirini yeye na mumewe, Luhaga, walizipanda Mei, mvua zikishakatika na upepo wa ziwani ungali na ubaridi, maana njegere na joto haviivi chungu kimoja. Lakini mwaka huu Agosti walitoka hospitali, na Sabina akamwambia mumewe kwamba daktari amesema atapona taratibu.

Asubuhi moja ya Oktoba Luhaga aliomba atolewe nje aote jua. Sabina alimshika mkono, akamkalisha kando ya tuta. Njegere zilikuwa zimetambaa juu ya fito, ila maua yalikauka na kudondoka, na hapakuwa na ganda hata moja. Sabina akachukua kopo, akaanza kumwagilia.

“Mama Nyanzala,” Luhaga alisema, “sisi tunapanda Mei.”

“Niliogopa mbegu zitabunguliwa.”

Luhaga alizitazama zile fito. Ndiye aliyezihifadhi mbegu zile kwenye majivu, na hakuna mdudu aliyewahi kuzigusa.

“Siku ile daktari alipokuita pembeni,” akasema, “alikwambia Mei sitaifikia?”

 Sabina alimwagilia mpaka kopo likaisha maji, na hata hapo akaendelea kuliinamisha.