Vibati Vinne Ndani ya Sampo

"Nani kakuambia uvitoe?"

"Jibu wewe kwanza. Hivi vibati ni vya kazi gani?"

"Vya kuzuia oili isikimbie. Ulifikiri nini, vya kukaangia maandazi?"

"Oili haizuiwi, kijana. Oili inazunguka. Hilo hata mtoto wa darasa la saba analijua."

"Mimi nimefika kidato cha pili, huyo mtoto nimempita. Nakuuliza tena, nani kakuambia uvitoe?"

Watu wakaanza kusogea. Mbio zilikuwa bado saa nzima, na kwenye ule uwanja wa zamani wa ndege za shamba la mkonge, huko tambarare chini ya Moshi, hakukuwa na kivuli wala cha kuangalia. Ugomvi ukawa mtamu. Huku kasimama Thadeus, fundi wa mtaa wa Pasua pale Moshi, miaka ishirini na tatu, ovaroli imepauka magotini. Kule kasimama injinia Godwin, katoka Dar juzi, shati jeupe pee, simu mkononi. Chini kati yao, juu ya gunia, vibati vinne vimelala, bado vinanuka oili.

Thade alivikata mwenyewe hivyo, akavichomelea ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ya gari nyekundu ya mbio, siku tatu kapiga magoti. Huyu bwana kavikata kwa grenda jana mchana, kamaliza, kanawa mikono, kaenda kula kuku.

"Mimi ndiye niliyemwambia," sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa Ebenezeri, mwenye gari, na anaiendesha mwenyewe, mzee wa hamsini na kitu, ana mashamba ya kahawa na kampuni ya kupandisha watalii mlimani.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Thade, uliniambia hivi vibati ni vya Kijapani. Godwin kapekua vitabu vyote vya gari hii. Mjapani hajaweka kitu kama hicho. Sasa umenidanganya au hukunidanganya?"

Thade akakosa pa kuangalia. Maana ni kweli alisema hivyo, kwa mdomo wake.

Mambo yalikuwa hivi. Uwanja ule una kona moja ndefu ya kushoto, madereva wanaiita Sufuria, kwa sababu unazunguka, unazunguka, huoni mwisho. Kila Ebenezeri akiingia Sufuria, taa nyekundu ya oili inawaka. Akinyoosha, inazima. Mafundi wengine wakabadilisha pampu, wakabadilisha nyaya, mmoja akasema tutoe balbu. Thade akakaa akafikiria ndoo za mama yake.

Mama yake, Mektrida, anapika mbege, pombe ya ndizi, huko Mwika mlimani na kuiuza sokoni Kiboriloni. Zamani pikapu ikishuka zile kona, mbege inapanda upande mmoja wa ndoo na kumwagika, mtoto Thade analowa mpaka shuleni wanamcheka. Siku moja mama akapasua mwanzi, akakaza vipande msalaba ndani ya kila ndoo. Mbege ikatulia. Ikawa inafika Kiboriloni yote.

Basi ndiyo hivyo vibati. Mwanzi umekuwa chuma tu, na kimlango kidogo cha bawaba kinachoiruhusu oili iingie penye mdomo wa pampu lakini isitoke. Lakini utamwambiaje bosi mwenye miwani ya jua ya vile kwamba injini yake inalindwa na akili ya ndoo ya pombe? Thade akasema Japani. Kosa lake, na alilijua.

Sasa akalisema lote, mbele ya watu. Mama, Mwika, ndoo, mwanzi.

Godwin akacheka mpaka akainama. "Kwa hiyo bosi umekimbia mbio tatu kwa teknolojia ya mbege!"

"Fundi, na ndizi uliponda humohumo?" mmoja akapiga kelele.

"Aisee mbe, akipimwa pumzi dereva itakuwaje?"

Kicheko kikazunguka uwanja. Thade damu ikampanda. Wamcheke yeye, sawa, kazoea. Lakini mama?

"Chekeni! Mbio tatu, taa imewaka mara ngapi? Bosi, sema wewe. Mara ngapi?"

Ebenezeri akakohoa. "Haijawaka."

"Haijawaka! Sasa angalieni." Akavuta beseni la oili chafu, akalizungusha kwa nguvu. Oili yote ikakimbilia ukingoni, katikati chuma kikabaki kitupu kinang'aa. "Mdomo wa pampu uko hapa katikati. Unanyonya nini hapa? Upepo! Beringi za konrodi zinakula upepo. Sekunde tatu tu, kwisha habari."

"Nimeongeza lita nzima juu ya alama," Godwin akasema. "Itatosha."

"Lita nzima! Nusu ningekuelewa. Lita nzima krankishafti itaichapa kama mayai, iwe povu, na pampu inyonye povu. Hicho kitabu chako hakijasema hilo?"

"Usinifundishe kazi, wewe mtoto wa mbege."

Ebenezeri akaangalia saa. Kwenye hema walikaa wadhamini wake, wanakunywa soda. "Nakimbia. Maneno yameisha."

"Basi futa jina langu."

Kila mtu akageukia mlango wa gari. Pale, kwa rangi nyeupe, palikuwa pameandikwa: FUNDI THADEUS, PASUA. Tangu jina lile liandikwe, watu walikuwa wanamtafuta mpaka uchochoroni. Hakuwa na cheti, hakuwa na ubao wa gereji. Alikuwa na ule mlango tu.

"Mlango ni wangu," Ebenezeri akasema, akaingia, akawasha.

Mzunguko wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Godwin akaanza kumkonyeza Thade. Wa tatu gari ikaingia Sufuria, na Thade akafumba macho, maana masikio yalitosha. Ko. Ko. Ko-ko-ko-ko. Moshi mweupe, kisha kimya.

"Jamani, imenoki!" Doris, mtangazaji, akapasua kipaza sauti. "Gari ya fundi Thadeus wa Pasua imekufa! Pole sana fundi, rudi darasani!"

Watu wakacheka tena. Thade akahisi kama kamwagiwa yeye ile oili. Saa nzima kasema, kaonyesha na beseni, na bado jina linalolia uwanjani ni lake, siyo la mwenye grenda.

Gari ikavutwa kwa kamba. Ebenezeri akashuka, jasho limemlowesha, akamvuta Thade pembeni. Godwin ghafla alikuwa anaongea na simu, mbali kabisa.

"Ulikuwa sahihi," mzee akanong'ona. "Injini nyingine naagiza. Utaniwekea vibati vyako, na mlangoni jina lako nitaliandika kubwa zaidi."

"Na Doris?"

"Doris kafanyaje?"

"Mwambie atangaze sasa hivi. Vibati vilitolewa jana, nani kavitoa, na ni akili ya nani. Mektrida wa Mwika. Alitaje jina."

Ebenezeri akaangalia hema la wadhamini. "Thade, mwanangu. Watanionaje hawa? Ndoo ya mbege? Tuseme tu ni vya Kijapani, kama ulivyosema mwenyewe mwanzoni. Nani ataumia?"

"Kumbe bosi ulielewa vizuri tu."

"Kijana, usiwe na kichwa kigumu."

"Nilidanganya mara moja kwa sababu ya aibu. Uongo huo ndo umetufikisha hapa. Mara ya pili unataka nidanganye kwa sababu ya soda za hao?"

Akatoa bisibisi mfukoni. Akapiga goti mbele ya ule mlango na kuanza kukwangua, rangi inaruka, mzee anaita "Wewe! Wewe!", watu wanatoa simu. FUNDI ikaondoka. THADEUS ikaondoka. PASUA akaiacha, Pasua haina kosa.

Halafu akakunja lile gunia na vibati vyake vinne ndani, akaliweka begani.

"Thade! Nani mwingine atanitengenezea?"

"Agiza Japani," akasema, akageuka, akaondoka.