Trekta na Mguu wa Kushoto

Miaka ishirini na sita nimeshona sare za shule, na katika miaka hiyo yote sijakata kitambaa cha mtu kabla ya kumpima. Wanene waliojidai wembamba niliwapima. Wembamba waliovimbisha kifua mbele ya kioo niliwapima, nikanyamaza, nikapunguza inchi mbili kimya kimya. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mimi, futi ya kupimia ikiwa shingoni, nikanunua trekta ambalo siwezi kuliendesha, sina pa kujificha.

Shamba langu ni ekari tatu na nusu. Mstari wa michungwa, nafasi, mstari wa michungwa, nafasi, na katika hizo nafasi napanda mahindi na maharage. Goti langu la kushoto liliharibika siku nilipoanguka kwenye ngazi za karakana nimebeba robota la kitambaa cha kaki. Daktari akalifunga, baadaye akalifungua, akaniambia nisilichokoze. Sasa jembe la mkono ni kazi gani kama si kulichokoza goti tangu asubuhi? Basi kulima nikamtegemea kaka.

Kaka yangu mkubwa tunamwita Injinia. Shule ya uinjinia hakuiona hata kwa dirisha. Aliwahi tu kuendesha mtambo wa kushindilia barabara kwa miezi minane, cheo kikamganda. Ana mkono mwepesi kwa chuma na moyo mwepesi kwa watu, na huo moyo ndio ulioniponza. Msimu ukianza hukodi trekta, akalima kwake, kisha kwa rafiki yake, kwa mkwewe, kwa mwenye duka anayemchekea, ndipo aje kwangu.

"Wewe ni damu yangu," husema. "Wale wengine watanuna. Wewe utanuna uende wapi?"

Misimu minne mfululizo mahindi yangu yalikuwa yananifika magotini wakati ya majirani yanatoa ndevu. Mvua hukatika siku moja kwa wote, lakini haiui ya wote. Msimu wa nne nilivuna mabua. Mbuzi wa jirani waliyatazama yale mabua, wakapita.

Ndipo nikaamua kununua trekta dogo, langu, niliendeshe mwenyewe. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi niwe nimeshalima, bila kumsubiri mtu. Sikuwa na haja nyingine na hilo trekta. Sikutaka sifa, sikutaka kukodisha, sikutaka kupigwa picha nalo.

Nilipomwambia Injinia alifurahi kuliko mimi.

"Tunachukua lile kubwa," akasema. "Nguvu farasi hamsini. Ukipita barabarani watu wanaingia ndani."

"Likipita barabarani sawa. Na getini je?"

"Geti tunabomoa."

"Na michungwa?"

Akawaza. "Mingine imezeeka, dada."

Nikatoa futi. Nilipima geti. Nilipima nafasi kati ya mchungwa na mchungwa, si shina kwa shina bali tawi kwa tawi, maana shina halikwaruzi mtu uso. Nilipima kibanda kwenda juu mpaka kwenye boriti, nikapima na sehemu ya kugeuzia kule mwisho wa mistari. Nikaandika yote kwenye kipande cha karatasi ya mishono. Injinia alinifuata nyuma akicheka: "Trekta likija lipime na kiuno, labda litataka suruali." Lakini alipoona vile vipimo aliacha kucheka, maana vilisema wazi: nguvu farasi ishirini na tano, upana usiozidi futi nne na nusu, basi. Lile la hamsini lingeingia shambani kwangu kama ng'ombe chooni. Nilishinda. Nakumbuka nilivyoshinda, nililala vizuri mno.

Kosa la kwanza ni mavazi. Siku ya kwenda kununua nilivaa sketi ya kubana niliyoishona mwenyewe, rangi ya zambarau, yenye mpasuo mdogo wa adabu nyuma, na viatu vya kisigino kifupi. Nilijiambia kwamba fundi cherehani akienda na nguo mbaya anatangaza biashara vibaya. Pale uwanjani matrekta yalikuwa yamepangwa juu ya kokoto, na mwenye kuuza alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kamba, mpole, anayezungumza na mashine kabla ya kuzungumza na mteja. Alinisalimu, nikampa karatasi yangu. Akaisoma mara mbili.

"Nani amepima hivi?"

"Mimi."

"Miaka yangu yote hapa sijaletewa karatasi kama hii, mama. Wanakuja na rangi tu. Nataka jekundu, nataka la bluu."

Unaona sifa zinavyolevya. Akatupeleka kwenye matrekta mawili yaliyosimama bega kwa bega. Yote yalilingana na karatasi yangu. La kwanza lilikuwa na klachi na gia kama gari. La pili, akasema, halina habari ya kukanyaga klachi kila unapobadili mwendo. Lina pedali moja tu mguu wa kulia: ukibonyeza kwa vidole linakwenda mbele, ukibonyeza kwa kisigino linarudi nyuma, ukiachia linasimama.

"Mguu wa kushoto?" nikauliza.

"Umepumzika tu," akasema yule mzee.

Naomba mnisikilize hapo. Alisema *umepumzika tu*, mbele yangu, kwa sauti ya kawaida. Nami vidole na kisigino, vidole na kisigino kwenye pedali ya cherehani, ndiyo kazi iliyonilisha miaka ishirini na sita. Hakuna mtu katika nchi hii mwenye mguu uliosomea ile pedali kama huu wangu. Lakini Injinia alikuwa ameshakunja uso, na palikuwa na wateja wengine wawili wamesimama wanasikiliza, na mimi mtu akinipa uwazi wa kutania siuachi upite. Ndivyo nilivyojengwa. Wakati goti limefungwa plasta nilimtania hata daktari.

Nikasema, "Hilo si trekta, baba. Hiyo ni cherehani yangu imeota magurudumu."

Walicheka. Injinia alicheka mpaka akashika tairi. Mmoja wa wale wateja akalirudia neno langu kwa mwenzao wa tatu aliyekuwa mbali, naye akacheka kwa kuchelewa. Mzee wa miwani peke yake hakucheka sana. Alilipapasa lile trekta kidogo kwenye boneti, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyesemwa.

"Hilo la watu wavivu," Injinia akasema. "Dada yangu si mvivu. Lete la kiume."

Akapanda lile la klachi. Akaliwasha, akaenda mbele, akarudi nyuma, akazunguka uwanja mara mbili akiwa amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Mzee wa miwani akanigeukia.

"Na wewe, mama? Si ndiye mwendeshaji? Panda ujaribu."

Kupanda trekta kwa sketi ile kulitaka mambo mawili: kuinua mguu hadi usawa wa kiuno, na wanaume watano wageuke watazame mlima. Ningeweza kuwaambia wageuke. Ningeweza kusema nitarudi kesho na suruali. Nilikuwa na kinywa cha kusema yote hayo, maana dakika mbili tu zilizopita kilikuwa kimewachekesha.

"Kaka amenijaribia," nikasema.

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Haya," akasema.

Nikalipia lile la klachi.

Lililetwa kwa lori Jumamosi. Nilivaa suruali ya kaki niliyojishonea kwa kazi hiyo, yenye mifuko minne, mmoja wa ufunguo. Majirani walikuwepo. Wifi, mke wa Injinia, alikuwepo na mwavuli. Nikapanda, na nilipanda vizuri, niseme ukweli. Nikaweka mguu wa kushoto juu ya klachi, nikakanyaga.

Ilishuka nusu. Pale katikati ikagoma, na goti likaingia moto kama mtu amenichoma sindano ya magunia.

"Kanyaga," Injinia akasema.

"Nimekanyaga."

"Hapo umeigusa tu. Kanyaga kama umemkuta mwizi."

Nikakanyaga kama nimemkuta mwizi. Ikafika chini, nikaingiza gia, na jasho likaniingia machoni. Nilijitahidi kuiachia polepole kama alivyonielekeza, lakini goti langu halijui polepole. Liliachia lenyewe. Trekta likaruka. Likaulalia mchungwa wa tatu kutoka getini, mchungwa wenye machungwa, likazima. Majirani wakaziba midomo.

"Jamani, nilikuwa nachuma," nikasema.

Wakapumua, wakacheka. Injinia akanishika mkono nishuke, akapanda yeye, akalirudisha nyuma taratibu bila kuvunja hata jani. Siku ile hakunidharau, nisimsingizie. Alinionea huruma, na huruma yake ilikuwa imepanda juu ya kiti changu.

Nilijaribu wiki tatu. Nilijaribu kuvusha mguu wa kulia kukanyaga upande wa kushoto, nikakosa wa kukanyaga breki. Nilijifunga goti kwa bendeji na kipande cha mpira. Nilimwita fundi mitambo alegeze klachi. Akalegeza, gia zikaanza kupiga kelele kama zinachinjwa, akaikaza tena. "Hii klachi ni nzima, mama," akaniambia. Sikumuuliza kizima kipi na kibovu kipi, nilikuwa najua. Usiku goti lilikuwa linavimba hadi suruali ya kaki haipiti, na hiyo suruali niliishona mimi, yenye nafasi.

Mwisho nikarudi kwa mzee wa miwani, peke yangu, nimevaa suruali. Pale kwenye kokoto palikuwa na mstatili mtupu mahali lilipokuwa limesimama lile la pili.

"Limeondoka," akasema. "Siku nne baada yenu. Alilinunua mwalimu mstaafu, mwanamke kama wewe. Alikaa juu yake nusu saa nzima hataki kushuka."

"Lini litakuja jingine?"

"Msimu ujao, likija. Na lile lako nitalipokea, mama, lakini likishatoka getini linaitwa kuukuu. Hutapata hata nusu ya bei uliyolipa."

Nilikuwa nimemaliza kila nilichoweka. Iliyobaki ni cherehani, na ningeiuza hiyo ningekula nini nikisubiri msimu ujao.

"Ulinipa nafasi ya kupanda," nikamwambia.

"Nilikupa."

"Ungenilazimisha."

Alinitazama kwa upole, na ule upole ndio siusamehe mpaka leo. "Mama, ulikuwa umeshawachekesha watu wote. Mimi ni nani nikuambie unakosea?"

Kwa hiyo trekta likawa na dereva mmoja. Kuajiri mwingine wakati kaka yupo kungekuwa kumtangaza kwamba ana kosa, naye kosa hana. Mwanzoni aliliacha kibandani kwangu na kuja kulichukua. Kisha ikawa tabu kwenda na kurudi, likalala kwake, na ufunguo ukatundikwa ukutani kwake karibu na kalenda. Mwenye duka alimwomba, rafiki yake alimwomba. Sikuombwa mimi, kwa sababu mwendeshaji ndiye huombwa. Likilima kwa watu wananisifu njiani: "Trekta lako zuri, linageuka kama pia ya mtoto." Ni kweli linageuka. Nililipima mwenyewe.

Siku moja nilimwendea Injinia kabla ya mvua, tukakaa barazani kwake.

"Kaka, mwaka huu anza na kwangu."

"Si lazima uniambie, mdogo wangu. Kwako ni nyumbani."

"Ndiyo maana nakuambia. Nyumbani huwa unamalizia."

Akacheka. Akaniwekea mkono begani. "Wewe na mdomo wako," akasema, na kabla sijapata namna ya kumwambia kwamba safari hii sitanii, alikuwa ameshaingia ndani kuniletea chai.

Mvua ilianza Jumatatu alfajiri. Hadi saa tatu ardhi ilikuwa laini kama unga uliokandwa, na nikalisikia trekta langu. Naujua mlio wake. Lilikuwa upande wa kwa mwenye duka, linakwenda, linageuka, linarudi. Jumanne lilihamia kwa mkwe wa kaka. Jumatano asubuhi nikachukua jembe la mkono na ndoo. Goti halikubali kuchutama, kwa hiyo niliipindua ndoo, nikaikalia, nikachimba mashimo niliyoweza kuyafikia kwa mkono: matatu mbele, moja kulia, moja kushoto. Punje mbili, udongo, kisha nainuka, nasogeza ndoo, nakaa tena. Kufikia saa nne nilikuwa nimevuka michungwa miwili.

Wifi akaja, ameinua gauni lisiguse tope.

"Wifi, Injinia anakusalimu. Anasema kwako Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

Akatazama pembeni. "Hii. Au ikishindikana, ile."

"Mwambie nashukuru. Na dizeli iko kibandani, aje aichukue, asije akaishiwa katikati ya shamba la mtu."

Alisimama akinitazama nilivyokaa. Aliona ndoo, akaona mguu wa kushoto nilioutandaza mbele kama si wangu.

"Nikusaidie, wifi?"

"Utachafua viatu."

Akasubiri kidogo kusikia kama kuna utani unaofuata. Haukuwepo. Akaaga, akaondoka kwa ncha za vidole akikwepa madimbwi, nami nikainuka, nikasogeza ndoo.