Kihispania cha Marehemu Nchagwa

Rhobi alikuwa anapukuchua mahindi uani kwake, Turwa, alasiri moja ya jua kali, mume wake Nchagwa alipoingia getini na kurudisha komeo nyuma yake. Nchagwa alikuwa amezikwa msimu wa mvua uliopita, nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Alivaa suti ile ile aliyozikwa nayo, ila viatu hakuwa navyo, kwa sababu mdogo wake Benedicto alivichukua kabla jeneza halijafungwa. Akavuta kigoda, akakaa, akamtazama mkewe, akasema kitu.

Rhobi hakuelewa. Akamwomba arudie. Nchagwa akarudia polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na bado hakikuwa Kikurya wala Kiswahili.

"Hicho ni Kihispania, mama," alisema Beatrice, binti yao mdogo aliyebaki nyumbani baada ya dada yake Lilian kuolewa, ambaye hapitwi na mpira wa Ulaya. "Ndicho wanachomtukania refa."

"Baba yako hatukani."

"Sijasema anatukana. Nimesema ni Kihispania."

Jambo lenyewe halikuwa geni sana mtaani. Mzee Kisyeri wa jirani alirudi akiongea Kikurya kama kawaida, akaomba togwa, akanywa, akaenda zake. Mama mmoja wa Nkende alirudi na Kireno; wanawe wakaamua kumwitikia kwa kichwa tu, na wanaishi naye vizuri. Lakini Nchagwa hakutaka kuitikiwa kwa kichwa. Kesho yake alirudi tena, akasema maneno yale yale, kisha akakaa kusubiri jibu, mikono magotini, kama yuko kwenye foleni ya zahanati.

Hilo lilimsumbua Rhobi. Alipokuwa hai, Nchagwa alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalihusu ng'ombe. Mtu wa namna hiyo akitoka kaburini kuja kuongea, basi ana jambo.

Huko Nkende kulikuwa na chumba ubavuni mwa saluni alimofundisha kijana mmoja wa kijiji cha Kisaka, Faustino, mwongoza watalii. Kihispania alikiokota ndani ya gari, porini, kwa kuwasikiliza wageni. Msimu wao ukiisha aliwafundisha vijana waliochoka kuchimba dhahabu na kutaka kazi ya kuonyesha watu simba. Rhobi alitoka Turwa kwa miguu huku akiyarudia maneno ya mumewe mdomoni, asimsalimie mtu, asije akayamwaga. Wengine walidhani amewanunia. Hata hivyo, mpaka anafika, maneno ya mwanzo yalikuwa yamesagika. Lilibaki la mwisho.

"Mohoni," alisema kabla hajakaa.

"Shikamoo, mama," alisema Faustino.

"Marahaba. Mohoni. Maana yake nini?"

Faustino alitazama chini. "Nani kakwambia neno hilo?"

"Mume wangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Ni marehemu."

"Pole sana, mama." Akakohoa kidogo. "Linaandikwa mojón, hiyo j husomwa h. Ni kinyesi. Lile donge lenyewe. Wageni wakikuta la tembo barabarani wanalipiga picha, wanalitaja hivyo, wanacheka."

Rhobi alirudi na habari hiyo nyumbani. Benedicto, ambaye tangu kaka yake aanze kuja alikuwa hapiti karibu na ua ule alasiri, safari hii aliingia mwenyewe, tena kwa furaha.

"Nilijua tu!" alisema. "Kaka anadai samadi. Shamba lake limechoka. Niachie mimi, shemeji."

Akaleta toroli la samadi ya ng'ombe, akaimwaga mbele ya kaka yake. Nchagwa akaitazama, akatikisa kichwa, akasema neno lake. Kesho yake Benedicto akaleta ya mbuzi. Baadaye ya kuku, kwenye kiroba. Faustino alipoulizwa alisema kwamba, kwa kweli, yeye neno hilo amelisikia kwa tembo tu. Benedicto akaagiza la tembo kutoka Kisaka, ambako tembo huingia mashambani, na likaja juu ya bodaboda, limeviringishwa kwenye turubai. Lilikuwa kubwa, bado lina punje za mahindi ya watu. Nchagwa alilizunguka, kwa heshima ya safari liliyosafiri, akarudi kigodani, akasema, "Mojón," kwa sauti ya mtu anayeanza kukata tamaa.

"Huko alikokwenda wamemharibu," alisema Benedicto. "Mzoee hivyo hivyo." Akaondoka, akaliacha rundo.

Rhobi akaingia darasani. Alikaa nyuma ya wale vijana, mkoba mapajani. Faustino hakuanza na salamu. Alisema kitu cha kwanza ni kujua kuuliza: ¿Qué significa? Maana yake nini? Ukishalijua swali hilo, Mhispania yeyote ni mwalimu wako.

Rhobi alikuwa na Mhispania nyumbani. Alasiri akamuuliza maana ya mano, Nchagwa akainua mkono. Akamuuliza maana ya maíz, akainua hindi. Walizunguka ua mzima hivyo, kuku, ungo, kamba ya nguo, kivuli. Tangu waoane hawakuwahi kuongea kiasi hicho. Siku moja Rhobi alitaka kumwambia kwamba amechoka, akaidondosha herufi moja, cansada ikawa casada, akamwambia kwamba ameolewa. Nchagwa alicheka mpaka udongo ukamdondoka kwenye mikunjo ya suti, na Rhobi naye akacheka, akajishangaa kwamba anamtamani marehemu kuliko alivyomtamani mzima.

Ila alipomuuliza maana ya mojón, Nchagwa alinyoosha kidole migombani. Huko ndiko liliko kaburi lake, na Rhobi alidhani anaonyesha kwake.

Ikabidi Faustino atafute msaada. Alimtumia ujumbe wa sauti bibi mmoja Mhispania, mkulima wa ngano, ambaye yeye Faustino aliwahi kumpeleka kuangalia nyumbu. Bibi hakujibu kwa maneno. Alituma picha: mashamba mawili, na katikati jiwe refu lenye kuvu, na pembeni ya jiwe mguu wake yeye bibi, kuonyesha urefu. Faustino akampigia Rhobi.

"Mama, naomba radhi. Kumbe huko vijijini kwao mojón ni jiwe. Jiwe la mpaka."

Rhobi aliweka ungo chini, akaenda migombani. Jiwe la mpaka wao na Benedicto lilikuwa huku, upande wa nyumba, kabla ya migomba na kabla ya kisima. Miaka yote ya ndoa yake lilikuwa kule ng'ambo ya kisima. Aliliona hapa mara ya kwanza baada ya mazishi, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba jiwe halitembei, ni majonzi. Tangu hapo ndizi alikata Benedicto, na maji Rhobi alichota kwa kuomba.

Sadock, mwenyekiti wa mtaa, aliitwa alasiri ili amkute marehemu. Alisikiliza, akaiona picha, akakiri kwamba hata yeye analikumbuka jiwe kule ng'ambo. Kisha akaeleza kwamba ushahidi wa Kihispania haupokeleki. Marehemu alete maelezo yake kwa Kiswahili, au aje na mkalimani aliyeapishwa. Na Faustino hawezi kuapishwa, kwa kuwa mtaa mzima unajua alitafsiri jiwe akasema kinyesi.

"Lakini wewe mwenyewe umesema unalikumbuka," alisema Rhobi.

"Nakumbuka kama Sadock, mama Lilian. Hapa nimekuja kama mwenyekiti."

Benedicto alikuwa ameegemea nguzo ya geti, amevaa viatu vya kaka yake. "Halafu nani kasema ni mimi?" aliuliza. "Muulizeni mwenyewe nani alilisogeza." Alisema bila wasiwasi wowote.

Rhobi akamgeukia mumewe, akamwomba aseme yote tangu mwanzo, polepole.

"Movimos el mojón," alisema Nchagwa.

Neno la kwanza Rhobi hakuwa amefundishwa. Lakini vamos alilijua. Ni twende, mwongoza watalii hulisema kutwa nzima. Sisi, Faustino alieleza darasani, tunaitanguliza "tu" mbele ya neno; Wahispania wanaiweka mkiani. Rhobi akaushika mkia wa neno la mumewe, akausikiliza: mos, kama ule wa vamos. Haikuwa "ali". Haikuwa "nili".

"¿Quiénes?" aliuliza. Akina nani?

Nchagwa akaweka kiganja kifuani kwake. Kisha akanyoosha kidole kwa mdogo wake.

"Basi, amesema mwenyewe," alisema Benedicto. "Alipoona hali yake mbaya aliniita. Ninyi mna mabinti, shemeji. Lilian ameshaolewa, Beatrice naye ataolewa. Kisima cha ukoo kiende ukweni?"

"Mlilibeba lini?"

"Siku ile ulipokwenda kumchukulia dawa hospitali. Jiwe zito lile. Ilibidi apumzike mara kwa mara."

Sadock alisema kama ni hivyo, basi hakuna mgogoro. Wenye ardhi walikubaliana wakiwa hai. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, akaomba maji ya kunywa. Beatrice akachukua jagi, akaenda kuomba ruhusa kwa baba yake mdogo, akachota, akamletea mwenyekiti, naye akanywa akashukuru.

Walipoondoka, Nchagwa alibaki. Alisogeza kigoda karibu na mkewe, akasema neno jipya.

"Perdón."

Hilo Rhobi alilijua. Watalii husema hivyo wakikukanyaga, na Faustino alikuwa amelifundisha kabla ya siku za wiki. Akachukua hindi lingine, akaanza kulipukuchua kwa gunzi.

"¿Qué significa?" aliuliza.

Nchagwa alifikiri. Akatazama uani kutafuta kitu cha kunyooshea kidole, akatazama kuku, kamba ya nguo, kivuli. Hakukiona. Akalisema tena.

"¿Qué significa?"

Msimu mwingine wa mahindi umeshapita. Jiwe liko pale pale, na Benedicto anakata ndizi. Nchagwa bado anakuja alasiri, na siku hizi anasaidia kupukuchua. Akimaliza ungo wake anasema neno lake, na Rhobi, kwa lafudhi ambayo Faustino anaisifu mbele ya darasa, anamuuliza maana yake.