Karantini ya Mdalasini

Pale bandani kila mtu alimwita Mjomba, hata wale wasiokuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, aliyekuwa mwenye banda na mwenye farasi kumi na wanne. Lakini wateja waliokuja kujifunza kupanda walilisikia jina hilo toka asubuhi mpaka jioni, wakalidaka. Mwisho hata daktari wa mifugo, binti msomi asiyependa mzaha, akawa anaingia getini na kusema, "Shikamoo Mjomba. Leo nani anaumwa?"

Alikuwa ametunza farasi miaka ishirini na mbili. Alimjua kila mmoja kwa kikohozi chake, na akiwa amegeuka kuosha ndoo aliweza kukwambia ni nani aliyepiga teke ukuta na kwa nini. Aliyempenda kuliko wote ni Bahasha, farasi mzee wa kijivu mwenye baka jeupe la pembe nne kwenye paji la uso, kama barua ambayo haijafunguliwa. Bahasha hakuwa na kazi tena zaidi ya kuwabeba watoto waoga.

Mwaka huo mpwa alifanya mambo mawili kwa mpigo. Alinunua farasi jike wa rangi ya mdalasini, naye akaitwa Mdalasini papo hapo. Na kwa mara ya kwanza akawakatia bima farasi wake wote. Masharti ya mkataba aliyabandika kwenye mlango wa stoo ya chakula, kisha akawakusanya wafanyakazi na kuyasoma mara mbili, kidole kikitembea juu ya kila mstari. Kila farasi awe na chanjo zake. Farasi mgeni akae peke yake siku ishirini na moja, apimwe damu mara mbili, asisogeleane na mwenzake hata kwa pua. Sharti moja likivunjwa na ugonjwa wa kuambukiza ukaingia, kampuni haina deni na mtu.

"Kwa hiyo hata nzi akitaka kutoka kule aje huku, aonyeshe kibali," alisema mpwa, na watu wakacheka. Halafu akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, huyu mgeni ni wako. Wewe peke yako. Usiguse wengine mpaka siku ziishe."

Mdalasini akawekwa kwenye kibanda cha nyuma, ng'ambo ya uwanja wa mazoezi. Mjomba akapewa ovaroli yake, buti zake na beseni la dawa ya kukanyaga kila anapoingia na kutoka. Wiki ya kwanza ilikwenda salama, na damu ya kwanza ikapimwa ikaonekana safi. Siku ya tisa yule farasi akaacha kula.

Alisimama akielekeza kichwa upande wanakotoka sauti za wenzake, akilia kilio kirefu kilichokatika katikati. Daktari alikuja, akampima joto, akasikiliza tumbo.

"Hana homa," alisema. "Farasi ni mnyama wa kundi, Mjomba. Upweke umemwelemea. Mvumilie tu, atazoea."

Hakuzoea. Siku ya kumi alikunywa maji kidogo. Siku ya kumi na moja mbavu zilianza kujichora, na Mjomba, aliyewahi kuona farasi akifa kwa msokoto wa tumbo baada ya kususia chakula, akashikwa na hofu. Mpwa wake alikuwa safarini na mkewe, kwenye msiba wa baba mkwe. Mjomba alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Utampigiaje mtu aliye makaburini umwambie farasi hajala?

Alasiri, wenzake walipokwenda kupumzika, alimfunga Mdalasini kamba akamtoa nje, akampeleka mpaka kwenye uzio wa malisho ambako Bahasha alikuwa amesimama peke yake akisinzia. Alisema moyoni kwamba atawaacha waonane tu, kwa mbali. Lakini Mdalasini alivuta kamba, na Bahasha alinyoosha shingo juu ya uzio, wakagusana pua. Wakabaki hivyo wakipumuliana, masikio mbele. Mjomba aliweka ndoo ya pumba chini. Mdalasini akainamisha kichwa akala mpaka ndoo ikalia tupu.

Alifanya hivyo alasiri tatu mfululizo. Siku ya nne farasi akawa anakula mwenyewe kibandani kwake, na Mjomba hakumtoa tena. Mpwa aliporudi kutoka msibani alimkuta Mdalasini amenona.

"Unaona?" alisema akimpiga mjomba wake bega. "Ndiyo maana nilikupa wewe."

Mjomba alifungua mdomo aseme. Mpwa alikuwa amekonda, macho mekundu, na simu ilikuwa inalia mkononi mwake. Akaufunga mdomo. Kesho nitamwambia, aliwaza, na kesho ikaja na kazi zake.

Siku ya kumi na tisa Bahasha alianza kutoka kamasi nzito katika pua moja. Juma halikuisha vivimbe vikatokea chini ya taya, na farasi wawili waliokula naye wakaanza kukohoa. Mdalasini mwenyewe alikuwa mzima kwa kumtazama, ila damu yake ya pili ilikuja mbaya. Daktari alisoma majibu akiwa amesimama katikati ya uwanja, kisha akavaa barakoa na kuwaambia wote wavae. Ulikuwa ugonjwa wa tezi, ule unaomwambukiza hata binadamu, ambao sheria haimruhusu mtu kuutibu. Banda likafungwa. Wataalamu wa serikali wakaja na gari jeupe, wakapima farasi wote, na karatasi ikaja na majina tisa ya walioambukizwa. Jina la Bahasha lilikuwa la kwanza.

Waliuawa asubuhi moja ya mawingu, mmoja baada ya mwingine, nyuma ya ukuta wa stoo. Mjomba aliomba awaongoze yeye. Walimvisha glavu ndefu na miwani ya plastiki iliyojaa ukungu wa pumzi zake, hivyo hakuona vizuri, na hilo alishukuru. Bahasha alimfuata bila kuvutwa, akisukuma mgongo wake kwa paji la uso kama alivyozoea anapodhani kuna karoti. Mdalasini alikuja wa mwisho. Alipomaliza, Mjomba alikwenda akakaa juu ya gunia tupu.

Ukabaki uchunguzi. Ugonjwa ulikuwa umeingilia wapi? Kwa maandishi, mgeni hakutoka karantini hata dakika moja. Aliyeanza kuugua ni Bahasha, wa banda kubwa. Basi wataalamu walitafuta mtu aliyegusa farasi wa pande zote mbili, wakampata mmoja: fundi wa kukata kwato, aliyekuja siku ya kumi na mbili na kuhudumia banda zima, kisha kwa ruhusa ya daktari akamkata kwato Mdalasini.

Watu walimwita Fundi Kwato. Alikuwa mtu wa maneno mengi na rafiki wa Mjomba wa miaka mingi. Alizoea kusema kwamba ameangalia nyayo za farasi wengi kuliko nyuso za ndugu zake, na nyayo ndizo zina adabu. Sasa vifaa vyake vilichukuliwa, na mabanda mengine manne aliyopita mwezi ule yakafungwa. Habari zilienea kwamba yeye ndiye anayebeba ugonjwa mfukoni. Mwenye banda mmoja alimfukuza getini kwa mpira wa maji. Fundi Kwato alimpigia simu Mjomba, na safari hii hakuwa na mzaha wowote.

"Mwenzangu, vile vyuma huwa navichemsha," alisema. "Wewe umeniona. Hata siku ile si ulisimama ukaniona navichemsha?"

"Nilikuona," alijibu Mjomba.

"Basi waambie."

"Nitawaambia."

Aliwaambia wataalamu kwamba vyuma vilichemshwa. Hayo tu ndiyo aliyoyasema. Walimsikiliza wakaandika, na hakuna kilichobadilika. Zikapita siku tisa za namna hiyo.

Siku ya tisa alimfuata mpwa wake ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha linalotazama uwanja, na ukutani zilining'inia hatamu za farasi ambao hawapo tena. Mpwa alikuwa akipanga karatasi za kumpa mkaguzi wa bima, aliyekuwa anakuja mchana ule. Mkewe alikuwa pembeni akigonga mihuri. Mjomba alivua kofia, akasema yote akiwa amesimama, kuanzia siku ya tisa ya karantini mpaka siku ya kumi na tatu. Hakujitetea.

Mke aliuweka muhuri mezani taratibu.

"Alikula?" aliuliza mpwa.

"Alikula. Ndoo nzima."

Mpwa alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akainuka, akafunga mlango, akaegemea hapo.

"Mjomba, nisikilize vizuri. Wewe hujasema kitu, na mimi sijasikia kitu. Umenielewa? Tukipata fidia nitaanza tena, hata kwa farasi watano. Tusipopata, hapa tumekwisha. Mimi, yeye, wewe, na wale vijana sita nje."

"Na Fundi Kwato?"

"Nitamtafutia kazi. Nitamsaidia, wallahi. Lakini siyo leo."

"Watu wanamfukuza kama mbwa, mwanangu."

"Nimesema siyo leo."

Machozi yalikuwa yanamdondoka mke juu ya karatasi, naye akazisogeza zisilowe. Mjomba alivaa kofia akatoka.

Mkaguzi wa bima alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyofunikwa kwa mifuko ya plastiki. Alikagua kila chumba cha farasi, akapiga picha beseni la dawa, akasoma daftari la karantini ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni akafika kibanda cha nyuma, ambako Mjomba alikuwa akikwangua sakafu.

"Mzee, wewe ndiye uliyemtunza huyu mgeni?"

"Mimi."

"Siku ishirini na moja hakutoka humu?"

Mjomba aliegemeza koleo ukutani. Kwa mbali alimwona mpwa wake amesimama mlangoni pa ofisi, mikono mfukoni, akiwatazama.

"Alitoka," alisema. "Nilimtoa mimi, alasiri tatu, akagusana pua na yule mzee wa kijivu. Mwenye mali hakujua, alikuwa msibani. Fundi wa kwato hana kosa lolote."

Mkaguzi hakuandika. Alimtazama, akatazama kalamu yake, akavuta pumzi.

"Unajua ninachotakiwa kuandika baada ya hapo?"

"Najua. Masharti yalibandikwa mlangoni."

"Kila siku watu wananidanganya," alisema mkaguzi. "Hao nimewazoea. Sasa wewe nikufanyeje?" Alisubiri kidogo kana kwamba jibu lingekuja kweli, kisha akaandika, akampa Mjomba karatasi aweke sahihi. Mjomba aliweka sahihi, akashika tena koleo.

Kampuni ilikataa kulipa. Barua yao ilikuwa fupi na ya heshima. Mabanda manne yalifunguliwa wiki iliyofuata, na Fundi Kwato akarudishiwa vyuma vyake. Mjomba alikwenda kwake kumwomba radhi. Alimkuta uani akinoa kisu kikubwa cha kwato, na hakukaribishwa kiti.

"Siku tisa," alisema Fundi Kwato bila kuacha kunoa. "Nilikupigia simu, ukanijibu, ukakata. Siku tisa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi umeshasema. Nenda salama."

Farasi sita waliobaki waliuzwa walipothibitishwa kuwa wazima. Vijana sita walilipwa stahili zao wakaondoka na vifurushi vyao. Kwa amri ya serikali, kuta zote zilipakwa chokaa na sakafu zikamwagiwa dawa mara tatu, na kazi hiyo waliifanya mpwa na mjomba wawili tu, kwa siku nne. Walipokezana ndoo na brashi bila kusemezana. Mara moja ngazi iliteleza na mpwa akaishika isimwangushe mjomba wake. Aliishikilia mpaka mzee akashuka, kisha akarudi upande wake wa ukuta.

Baadaye mpwa alipata kazi ya kuendesha lori la saruji. Mjomba alipanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mbao, akawa analinda geti la kiwanda mchana. Hakuna aliyemwita Mjomba pale. Walimwita Mzee wa Geti.

Jumamosi moja dada yake alimpigia simu. Aliuliza habari za kifua chake, akauliza kama anakula vizuri, akasema mvua zimeharibu paa la jikoni.

"Mdogo wangu," alisema, "ulilosema ni kweli, na mimi nisingetaka useme uongo. Mwanangu naye analijua hilo."

"Ahsante, dada."

"Lakini kesho usije kula hapa. Atakuwepo na mkewe. Bado hajaweza kukaa meza moja na wewe. Nimemuuliza kwa upole, amekataa."

"Sawa, dada. Mwache."

"Nitakuletea chakula Jumatatu."

"Usijisumbue na mguu wako huo."

"Nitakuja," alisema dada, akakata simu kabla sauti yake haijavunjika.

Mjomba aliweka simu juu ya kitanda. Alitoka nje, akachukua ufagio, akaanza kufagia vumbi la mbao getini, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko.