Kesho ya Kukhu Phelista

Mtaa wetu mzima wa Tuwan, kuanzia kwa kinyozi hadi kanisani, hakuna kijana mwenye roho ngumu kama mimi. Mbwa wa jirani yetu Ndirangu mwenyewe namfukuza kwa macho tu. Kwa hivyo siku Cheptoo wa kliniki alipotaka mtu wa kujaribu mashine ya umeme kichwani, ili Kukhu asiogope, mkono ulioinuka ni wangu.

Kukhu Phelista ni nyanya yangu. Kabla ya kiharusi alikuwa anauza dagaa wa omena sokoni Kitale. Ukigusagusa omena yake bila kununua, uliambiwa sura yako, ukoo wako na vile umefunga kamba za viatu. Kuna watu walinunua ili tu watukanwe vizuri. Halafu asubuhi moja akaanguka kando ya meza yake, na alipozinduka hospitalini maneno yote yalikuwa yamemhama isipokuwa moja: "Kesho."

Kukhu, chai? "Kesho." Kukhu, unaumwa wapi? "Kesho." Tukawa kama tunaishi na fundi wa nguo. Lakini macho yalikuwa yaleyale. Nikikata sukuma vibaya, aliinua mwiko akaningurumia "Kesho!" mpaka nikajua nimetukanwa.

"Akili iko," alituambia Cheptoo, ambaye kazi yake ni kufundisha watu kuongea upya katika kliniki moja mjini. "Anaelewa karibu kila kitu. Njia ya kufikia maneno ndiyo imeharibika. Inaitwa afasia."

Mashine yake ilikuwa kisanduku kidogo kuliko redio ya mlinzi, na nyaya mbili zenye sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Umeme hafifu unapitishwa kichwani, hakuna kupasuliwa, huku mgonjwa akijikaza kutaja picha. "Bado tunaichunguza," akasema. "Wengine inawasaidia, wengine hapana. Na peke yake haifundishi mtu neno. Kazi kubwa ni ya mama."

Basi nikakaa kitini. Akanifunga mkanda. Sponji iliponigusa kwenye paji la uso, nikapiga yowe lililomleta askari wa getini.

"Kizito," Cheptoo akasema polepole, "sijawasha."

Bahati yangu, askari alichungulia tu akarudi. Cheptoo hatangazi mambo ya kliniki. Na Kukhu angesema nini? Kesho. Zamu yake ilipofika nikamshika mkono asiogope, naye akatulia kama anayesukwa nywele.

Tulikuwa na haraka. Dadangu Edinah alikuwa amejifungua mvulana kule Bungoma, na kwetu mama mkubwa wa nyumba ndiye humbeba mtoto na kutamka jina la marehemu atakaloitwa. Kukhu alikuwa ameshachagua: aliipiga ngumi picha ya babu ukutani mpaka ikaning'inia. Wepukhulu, jina la babu. Sasa, jina refu hivyo, kwa mtu wa neno moja! Akishindwa, angetamka mulamwa wake, yaani shemeji yake, Nabwile, na Nabwile alikuwa ameshachagua jina lake, la marehemu wa upande wake.

Hapo ndipo nilipomwona Kukhu ni nani. Mimi hesabu niliiacha kidato cha pili kwa sababu mwalimu alinikodolea macho. Yeye alionyeshwa kuku akasema kikombe, akaonyeshwa kuku tena akalia, akapangusa kamasi, akanyoosha kidole: leta kuku. Cheptoo alimfundisha kupiga goti kwa kidole, pigo moja kwa kila kipande cha neno. Jioni tulirudia nyumbani, mimi na picha za kalenda, yeye na goti lake. Siku aliposema "O-me-na," Cheptoo aligeukia ukuta kwa muda.

Bungoma, siku ya kutoa jina, nyumba ilijaa. Edinah akamweka mtoto mikononi mwa Kukhu.

"Kesho," Kukhu akasema.

Mtu akaguna. Nabwile akasogeza kiti. "Mulamwa, si nikusaidie tu?"

Kukhu hakumtazama. Kidole kikashuka gotini. "We..." Jasho likamtoka. Kidole kikarudi mwanzo. "We... pu..." Edinah alikuwa ameuma kanga. "We-pu-khu-lu."

Vigelegele, bana! Hata Nabwile alipiga, tena kwa sauti kuliko wote.

Chai ilipoletwa, mjomba Sifuna akanigeukia. "Kizito, hebu ambia hawa watu vile ulijaribu hiyo umeme kwanza."

Kwa simu nilikuwa nimeshamsimulia. Nikasimama. "Uliingia hapa, ukatokea hapa. Sikupepesa jicho! Nikamwambia daktari, ongeza! Sasa Kukhu akaanza kutetemeka, si ndio nikamshika..."

"Uongo."

Nyumba nzima ikageuka. Kukhu alikuwa ameweka kikombe chini.

"Kukhu, umechoka," nikasema haraka. "Pumzika, tutaongea kesho."

"Leo," akasema Kukhu.

Kidole kikaanza kupiga goti. "Ma-shi-ne... bado. Huyu... yo-we."

"Endelea, mulamwa, pole pole," Nabwile akasema, akimsogezea chai.

"Mkono," Kukhu akasema, akininyooshea kidole mbele ya ukoo mzima. "Ni mimi... ni-li-m-shi-ka."