Namba Iliyotangulia Miguu

1.
*Kutoka daftari la vipimo la Ambakisye, fundi cherehani, Mwanjelwa, Mbeya:*

Ijumaa. Kifundo cha mguu wa kulia, sentimita 28. Kushoto 28 na nusu.
Jumamosi. Kulia 29. Kushoto 29.
Jumapili. Amekataa kupimwa.

2.
Aliyekataa ni Tusajigwe, mkewe wa mwaka wa nne, mwalimu wa darasa la tatu. Miguu ilianza kuvimba Februari. Yeye alilaumu kusimama kutwa nzima; mama mkwe alilaumu chumvi. Kisha mkojo ukatoa povu kama la sabuni, na hakukuwa tena na cha kulaumu. Hospitali wakachukua kipande cha figo, kidogo kama punje ya mchele.

3.
Daktari Nyirenda alikuwa mwanamke wa sauti ya chini.

"Mwili wako wenyewe unatengeneza kingamwili zinazoshambulia machujio ya figo," alisema. "Zamani tungesubiri mkojo utuambie habari. Siku hizi tunazipima hizo kingamwili kwenye damu. Zikizidi kupanda, tutaanza dawa kali. Zikishuka zenyewe, huenda usizihitaji hizo kali. Kwa sasa utameza tu vidonge vya kupunguza protini, ile inayotoka kwenye mkojo na kuleta povu."

"Hizo kali zina ubaya gani?" Ambakisye aliuliza.

"Mojawapo, zinaweza kumzuia kupata mtoto."

Mtoto.

Hawakuwa wamelitaja neno hilo mbele ya mtu yeyote.

4.
TAARIFA YA MAABARA
Jina: Tusajigwe A. Umri: 31.
Kipimo: Kingamwili dhidi ya machujio ya figo.
Kiwango: 62. Kawaida: chini ya 14.
Maoni: Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu.

(Maoni hayakueleza watu waishije miezi mitatu.)

5.
"Anza hizo dawa kali, Tusa."

"Daktari kasema tusubiri."

"Daktari hakuvalishi soksi asubuhi. Mimi naiona hii miguu."

"Na mimi ndiye ninayetembea nayo."

Akacheka. Ambakisye naye akacheka, japo hakutaka, akamsogezea ndizi zilizobaki kwenye sahani yake.

"Nakutaka wewe kwanza," alisema. "Mtoto ni—"

"Ni nini? Malizia."

Akaanza kukusanya vyombo.

6.
*Yaliyosikika kwenye benchi la kliniki:*

— Yule ndiye mumewe? Kila mara anakuja naye?
— Kila mara. Tena tazama, anashona upindo wa shati la mteja hapohapo.
— Mungu ampe maisha marefu.
— Ampe na huyo mkewe.

7.
Juni. Taarifa ya pili. Kiwango: 33. Protini kwenye mkojo: kama mwanzo.

Kifundo: 29. Vilevile.

"Namba imeshuka karibu nusu na miguu ni ileile!" Ambakisye aliing'ang'ania karatasi. "Hiyo mashine inatudanganya, Daktari."

"Haidanganyi, baba. Kingamwili hutangulia, uvimbe hufuata nyuma. Mvua ikikatika, mto haupungui siku hiyohiyo."

"Unachukua muda gani?"

"Miezi. Wakati mwingine mingi."

Tangu siku hiyo, neno *dawa* hakulitaja tena.

8.
*Sasa aseme Tusajigwe mwenyewe:*

Wewe unayesoma, usidhani sikuogopa. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto huku nikijiuliza kama darasa hili nitalimaliza. Ila kuna jambo sijamwambia mume wangu. Kila alfajiri alinipashia maji ya kuoga, akiimba kwa kunong'ona ili asiniamshe. Maneno ya wimbo anayakosea, yote. Nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala ili asiache.

Na viatu vyangu vya kazini alivipasua akavitia mikanda mipana. Wanafunzi wakasema mwalimu amenunua vipya.

9.
Julai, 29.

Agosti, 27 na nusu.

Septemba, 25. Alipima mara tatu. Mara ya nne akamwomba mkewe ashike ncha moja ya tepu.

10.
TAARIFA YA MAABARA
Kiwango: 11.
Protini kwenye mkojo: imepungua zaidi ya nusu.
Maoni: Ugonjwa unaweza kurudi. Damu ipimwe kila miezi mitatu.

"Dawa kali tunaziacha kando kwa sasa," alisema Daktari Nyirenda.

"Na mtoto?" Tusajigwe aliuliza.

"Protini ishuke zaidi. Halafu tubadilishe hivyo vidonge unavyomeza, maana si salama kwa mimba. Msianze bila kuniambia."

"Kwa hiyo si hapana."

"Si hapana."

"Wala si ndiyo," Ambakisye alisema.

"Wewe nyamaza," walimjibu wanawake wote wawili kwa pamoja.

11.
Wakapitia sokoni. Tusajigwe alichagua kitenge cha manjano chenye maua makubwa, yale ambayo mumewe husema ni ya harusi za watu wengine.

"Nishonee gauni."

"La lini?"

"La kuvaa tu."

Jioni hiyohiyo Ambakisye alikitandaza mezani. Alishika mkasi, akaona mkewe amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Amba. Kiunoni acha nafasi."

Hakusema nafasi ya nini. Kuna mambo mawili yanayoweza kumnenepesha mke wake, uvimbe na mimba, na wote wawili waliyajua.

Alisogeza chaki nje ya mstari, vidole vinne. Akafikiri kidogo, akaongeza kidole cha tano, na ndipo

akakata.