Andika Jina Alilokupa Mama

Siku hizi watu wa Bertrams, mtaa wetu wa Johannesburg, wakitaka kumtukana Pascasie hawamwiti mwizi wala mchawi. Wanamwita "mama wa sahihi", halafu wanatema mate pembeni. Temeni tu, jamani, mate ni yenu. Lakini kwanza sikilizeni.

Pascasie ni Mrundi, msusi wa nywele, mwenye kiti cha plastiki na mwavuli kwenye barabara moja ya katikati ya mji, karibu na stendi ya teksi. Mwaka 2013 alikuwa ametimiza miaka kumi na moja Johannesburg. Mwaka huo, kabla hata ya Machi, askari walikuwa wamekuja mara tatu kuzoa viti, vioo na rasta za wasusi, na mara ya tatu Pascasie akawakusanya wenzake wakaenda kwa diwani. Diwani akawapokea vizuri, hata chai akawapa. Alipomaliza kuwasikiliza akauliza swali moja tu: "Kati yenu, nani ananipigia kura?"

Wakatazamana. Hakuna.

Diwani akacheka, wala si kwa ubaya. "Mama zangu, kuna watu elfu kumi wanaoweza kuniondoa kwenye kiti hiki. Ninyi hampo."

Lile "hampo" lilimkwama Pascasie kooni kama mwiba wa samaki. Chai yenyewe hakuimaliza. Njiani kurudi alikuwa akimfokea Marthe, rafiki yake Mkongo wa Uvira, aliyesuka kwenye kiti cha jirani, kana kwamba Marthe ndiye diwani. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si tumelishika? Miaka kumi na moja tumelishika! Mbona wakifika kwenye mavuno hatupo?"

"Eish, Mama Belyse," Marthe akasema, "wewe utatuletea mambo."

Mambo akayaleta kweli. Kule Jeppestown, juu ya gereji moja, kulikuwa na shirika dogo la haki, na humo mwanasheria kijana aitwaye Fiona, mwenyeji wa mji huo huo. Fiona akamweleza bila kumdanganya: katiba inampa kura raia tu, na bunge la jimbo halina uwezo wa kuibadilisha. Lakini linaweza kulipokea ombi na kulipeleka mbele. Na ombi lenyewe walilitengeneza dogo makusudi: mkimbizi mwenye karatasi halali, aliyekaa miaka mitano, aruhusiwe kumchagua diwani wa mtaa wake. Si rais, si wabunge. Diwani tu, mtu wa takataka na mabomba ya maji.

"Niletee majina elfu moja," Fiona akasema. "Kila jina liwe na namba ya karatasi na sahihi. Yakiwa machache watayatia kwenye droo."

Hapo ndipo Pascasie alipofanya kosa lake, na ni kosa ambalo raia hawezi kulifanya hata umlipe.

Wakimbizi wengi wa mji ule wana majina mawili. Kuna jina la nyumbani na kuna jina la karatasi. Mmoja alisajiliwa na karani aliyechoka, jina likaandikwa vingine, naye akakubali. Mwingine alikataliwa kwa jina lake, akarudi na la jirani. Hakuna anayeyasema hayo. Kanisani unaitwa hivi, dirishani kwa maafisa unaitwa vile, unaitika kote kote, maisha yanasonga. Sasa Jumapili moja baada ya ibada Pascasie akasimama mbele ya waumini, fomu mkononi, na mwiba wake wa diwani bado uko kooni, akasema: "Ndugu zangu, hii si foleni ya kuomba karatasi. Hii ndiyo kura yetu ya kwanza. Tusihesabiwe kwa majina ya kuazima. Andika jina alilokupa mama yako."

Loo! Watu walilia. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka uani. Marthe hajui kuandika, basi alichovya kidole gumba kwenye wino, akataja jina lake lote, na la baba, na la babu, na Pascasie akaliandika kwa mwandiko wake mzuri aliofundishwa na masista. Pembeni akaandika namba ya karatasi, kama Fiona alivyoagiza. Wala hawakukumbuka, yeye na wenzake wote, kwamba namba ile ina jina jingine lililolala kwenye kabati la serikali. Fiona naye angejuaje? Nani angemwambia?

Aliyesita ni mmoja tu, naye ni mume wake.

Balthazar alikuwa mlinzi wa duka la jumla, mtu wa maneno machache. Mwaka 2005 aliomba ukimbizi kwa jina lake, akakataliwa kwa mistari mitatu. Akapanda basi hadi mji mwingine, ofisi nyingine, akaomba kwa jina la marehemu mdogo wake, Lambert. Lambert akapewa. Miaka minane alikuwa Lambert kwa mwajiri, Lambert hospitalini, Lambert kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yao Belyse.

"Mama Belyse, mimi niache," alisema. "Karatasi yangu inaisha Februari."

"Nikuache? Nitawaambiaje watu waandike, na mume wangu mwenyewe hayumo?"

Balthazar akaivuta fomu karibu. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, polepole, ulimi umechungulia mdomoni. Alipomaliza akacheka, yeye ambaye kicheko chake ni cha msimu. "Hii B sijaiandika miaka mingapi," akasema, na akaomba aitazame tena kabla fomu haijafungwa. Pascasie alijisikia amemzaa upya. Ndivyo alivyojisikia, msimcheke.

Miezi saba alizunguka na fomu zake, kwenye viwanda vya cherehani, kwenye mabweni ya Jeppestown, milangoni mwa makanisa. Oktoba wakapeleka bunge la jimbo boksi lenye majina elfu moja mia moja na arobaini, na Pascasie, kitenge kipya kiunoni, akapewa hati ya kupokelewa yenye muhuri. Aliibandika ukutani.

Februari Balthazar akaenda kuongeza muda wa karatasi yake. Alirudi mikono mitupu. Karatasi imeshikwa, aje tena Alhamisi, na aje na mkewe.

Afisa aliyewapokea hakuwa mkali. Alikuwa na mafua, macho mekundu, na foleni nje ya mlango wake ilikuwa imekunja kona mbili. Juu ya meza aliweka vitu viwili: faili la Lambert, na nakala ya ukurasa mmoja wa ombi la Pascasie. Kumbe kabla ya kulijadili ombi watu wa bunge walichukua majina ishirini ya kujaribia, wakayaleta ofisi hii yalinganishwe na namba. Kumi na sita hayakulingana.

"Namba hii ni ya Lambert," afisa akasema, akiweka kidole. "Mbele yake pameandikwa Balthazar. Mama, hapa pana mwongo mmoja. Ama ni mzee huyu, alitudanganya tangu 2005, na basi karatasi yake inakufa leo na yeye anapanda lile gari la wanaorudishwa kwao. Ama ni yule aliyetengeneza orodha. Nina watu mia mbili hapo nje. Nisaidieni."

Pascasie akamgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anatazama viatu vyake.

"Niliandika mimi," Pascasie akasema. "Nililibuni hilo jina."

"Hili moja?"

Hapo akili yake ilikimbia kuliko ilivyowahi kukimbia. Akisema moja, afisa atauliza la pili. Wale kumi na tano wengine wataitwa hapa mezani mmoja mmoja, na baada yao waliobaki, na Marthe na kidole chake. Wote waliandika kwa sababu yeye alisimama akawaambia waandike.

"Yote," akasema. "Fomu zote. Nilikuwa na namba za watu, majina nikayatunga mwenyewe."

Afisa akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akapiga chapa tamko la kiapo, akamsomea taratibu ili asije akasema hakuelewa: kwamba yeye, Pascasie, alighushi majina yote ya ombi lile, kwamba hakutumwa na mtu, kwamba hamjui, wala hajawahi kumjua, mtu yeyote aitwaye Balthazar. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, goti lake limegusana na la mkewe. Pascasie alipoanza kuandika sahihi, lile goti likasogezwa.

Lambert akapigiwa muhuri wa miaka miwili. Waliporudi nyumbani Pascasie akaibandua ile hati ukutani.

Machi barua ikaja. Ombi limefutwa, kwa kuwa mwanzilishi wake amekiri kwa kiapo kwamba majina ni ya kubuni. Fiona akapiga simu akiuliza kwa nini, kwa nini, akapiga tena, Pascasie hakupokea. Na mdomo wa mjini haufungwi kwa kitambaa. Kufikia Aprili, mabango ya uchaguzi yakiwa yamejaa kila nguzo ya taa, Burundi na Kongo nzima ya Bertrams ilijua kwamba Mama Belyse aliwauza.

Wakamsimamisha kanisani, pale pale aliposimama mwaka uliopita. Marthe ndiye aliyekuja mbele, kidole gumba juu.

"Hiki nacho ulikitunga? Jibu! Baba yangu ulimtunga? Babu yangu aliyezikwa Uvira, ulimtunga wewe kwenye kiti chako cha plastiki? Mimi nilisimama kwenye foleni ile tangu ibada mpaka jua linazama, Pascasie. Nikalala usiku huo najiambia, leo nimehesabiwa."

Hakumwita Mama Belyse. Alimwita Pascasie, kavu.

Pascasie alitaka kumkamata mabega amtikise. Nimekuokoa, mjinga wewe! Namba yako na jina lako vingekutia kwenye gari! Lakini mle ndani walikuwamo watu mia tatu, na katika mia tatu hakosekani mmoja anayepeleka maneno dirishani apate kupitishwa mbele ya foleni.

"Nilikosea," akasema.

"Alikosea! Mwasikia? Alikosea!" Marthe akageukia mabenchi ya nyuma. "Na mumeo je? Si sote tulimwona akiandika kwa mkono wake? Balthazar, baba, simama. Na wewe ulitungwa?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Balthazar akainuka. Pascasie akaomba Mungu aseme kweli, na papo hapo akaomba asiseme.

"Mama," akamwambia Marthe kwa adabu, "mimi naitwa Lambert. Huyo Balthazar muulizeni mke wangu. Ameapa mbele ya serikali kwamba hamjui."

Akachukua kofia yake kwenye benchi, akatoka nje. Kicheko kilikwisha, na watu wote mia tatu wakamgeukia Pascasie, wakisubiri awaambie mumewe ni nani.